Yaya Alipowekwa Disponible

Neno disponible tulilijua kwa njia ya simu. Kabla minara haijafika milimani kwetu hakuna aliyelihitaji. Minara ilipofika, ikaja na yule mama wa ndani ya simu asiyechoka, anayesema kwa Kifaransa kwamba mtu unayemtafuta si disponible kwa sasa. Hata wasiojua Kifaransa walimwelewa. Tangu hapo, asiyeshika simu si disponible, pikipiki isiyo na abiria ni disponible, na msichana ambaye hajaposwa, wenye utani humwita hivyo hivyo. Maana ni moja tu: mwite, atakuja.

Kwa hiyo kaka yangu mkubwa, ambaye kwa desturi yetu tunamwita yaya, alipotangaza kwamba Leta imemweka en disponibilité, watu wa upande wetu wa Kingi, huko Masisi, walielewa kwamba sasa wanaweza kumwita saa yoyote.

Leta ni Serikali. Wazee wetu walilichukua neno hilo kwa Wazungu, wakasema limefaa lilivyo, maana kila anayefika kwa jina la Leta neno lake la kwanza ni "leta". Yaya alikuwa mtu wa Leta tangu ujana wake. Aliandika vizazi na vifo katika biro, yaani ofisi, ndogo ya mbao yenye paa la bati na ua wa mianzi mbele yake. Hakuwa na kazi nyingine wala hakuitamani. Shamba lililimwa na mke wake. Yeye alijua kukaa kwenye kiti kile, kuuliza jina la mtoto mara mbili, na kuandika kwa herufi ambazo hata mvua ikivuja juu yake zingesomeka.

Alikuwa mkali kwa jambo moja, nalo ni siasa ndani ya biro. Alikuwa na msemo wake: "Mutu wa Leta iko na kidole, haina mudomo." Kidole cha kupigia kura, alimaanisha, na mdomo wa kampeni. Majira ya uchaguzi mlinzi alikuja na kofia ya mgombea fulani, na yaya hakumgombeza. Alimwambia tu, "Hiyo kofia iache ku ua. Ukitoka utaikamata." Wageni nao waliambiwa vivyo hivyo, hata mianzi ya ua ikazaa kofia za kila rangi, na wapinzani wakazikuta kofia zao zimekaa pamoja bila ugomvi.

Nyumbani hakuwa mwepesi zaidi. Mke wake alipewa kikwembe, kile kitenge cha kampeni chenye uso wa mgombea, fundi akakishona, na yaya akamkataza asikivae sokoni.

"Fundi alimuweka huyu muheshimiwa pale ninakalia," mke wake alimjibu. "Hiyo nayo iko politike?"

"Iko politike," yaya akasema, "lakini ya upinzani."

Mtu kama huyo ndiye aliyenipigia simu siku moja nikiwa Pinga, kule Walikale. Kazi yangu ni kupiga picha, za paspoti, za arusi, za watoto waliobatizwa, na kusema kweli kazi hiyo ni kisingizio cha miguu yangu, ambayo tangu nimalize sekondari haijakubali kukaa. Nikiwa msituni Walikale, kwenye harufu ya majani mabichi na mvua isiyojua kuaga, nawaza vilima vya Masisi, moshi wa mikaratusi na maharage yaliyoanikwa uani. Nikirudi Masisi, viatu havijakauka nami nimeshaanza kuusikia msitu ukiniita. Siku ile mtandao wa Pinga ulikuwa mzuri, jambo ambalo si la kila siku.

"Kuya na kitambaa yako nyeupe," yaya alisema. "Niko na lazima ya sura."

"Sura ya nini?"

"Ya kandida."

Nilidhani anamsemea mtu mwingine. Akarudia. Alitaka kusimama katika uchaguzi wa wabunge wa jimbo.

"Na biro?" nikauliza.

"Naacha kwanza biro. Nimeandika batu, nimechoka kubaandika. Nataka nibasemee. Na mutu wa Leta haina mudomo, unajua."

Nilipanda pikipiki. Njia ya Pinga haihitaji kuelezwa kwa aliyeipita, na asiyeipita hataamini. Nilifika nyumbani na matope hadi mabegani, nikatundika kitambaa cheupe kwenye ukuta wa jiko, nikamweka yaya mbele yake akiwa na koti lake la kazini. Nilipokuwa karibu kubonyeza, alinyoosha mkono kunizuia, akachomoa kalamu mfukoni mwa koti, akampa mke wake.

"Hii iko ya Leta," alisema. "Haiwezi kuingia mu picha."

Sheria ilikuwa hivi, na aliijua kuliko mtu yeyote wa kwetu: mfanyakazi wa Serikali akitaka kuchaguliwa, anaomba kwanza kuwekwa kando ya kazi. Hafukuzwi wala haachi. Anawekwa kando, bila mshahara, na kwa Kifaransa kuwekwa huko ndiko kuwa en disponibilité. Asipoonyesha nakala ya ombi hilo yenye alama ya kupokelewa, faili lake la ugombea linarudishwa. Akishindwa, anaweza kuomba kurudi kwenye kiti chake. Akishinda, kiti hakimhusu tena.

Mkuu wa biro alilipokea ombi, akapiga kashe, yaani muhuri, juu ya nakala, kisha akanyoosha kiganja. Yaya alimpa ufunguo na kashe ya vizazi, ambayo mpini wake wa mti ulikuwa umeliwa na mkono wake mwenyewe hata ukawa na bonde la kidole gumba. Kiti chake kilikaliwa na dada mmoja wa biro ile ile, aliyekuwa akishughulika na ushuru wa soko. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na makali. Alikaa, akasogeza kiti mbele kidogo kwa sababu miguu yake ilikuwa mifupi kuliko ya yaya, na kazi ikaendelea.

Watu wakaanza kuja nyumbani. Nakumbuka jirani yetu wa bondeni, mama aliyefika asubuhi na mtoto mchanga mgongoni.

"Papa, nimekuletea huyu umuandike."

"Mama, mimi siandike tena. Enda ku biro, dada iko pale."

"Banasema uko disponible."

"Niko en disponibilité. Haiko sawa na disponible."

"Inaachana wapi?"

Yaya alifikiri. Alikuwa mtu wa kujibu maswali ya akina mama, hakupenda kumwacha mmoja bila jibu. "Disponible njo mutu mwenye iko," alisema. "En disponibilité njo mutu mwenye haiko."

Mama alimtazama kuanzia miguuni hadi kichwani. "Mais nakuona uko."

Mke wa yaya, aliyekuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo, aliweka mchi chini ili acheke vizuri.

Yaya alijaribu kumweleza. Akiandika mtoto mmoja tu wakati huu, wagombea wengine watasema ananunua kura kwa kalamu ya Leta, na watakuwa na haki. Mama alisikiliza yote hadi mwisho, akamfunga mtoto upya mgongoni, akasema bila hasira, "Basi kama leo unashindwa kuandika mutoto mumoja, siku utakuwa muheshimiwa utaandika nini?"

Neno hilo lilimwingia. Tangu siku ile hakumrudisha mtu mlangoni. Kila aliyekuja kwa ajili ya mtoto au marehemu, yaya alimsindikiza hadi biro, akasimama nje ya ua wa mianzi, pale pale zilipokuwa zikitundikwa kofia. Ua ule hakuuvuka.

"Dada, iko mutoto," aliita.

"Nani anamuleta?" ikajibu sauti kutoka ndani.

"Mama yake."

"Na weye unafanya nini pale?"

"Mimi napita."

"Pita basi."

Hakupita. Alisimama akitega sikio, na aliposikia swali limerukwa alishindwa kujizuia. "Uliza na kijiji ya baba. Baba ni wa Walikale, haiko wa hapa."

"Papa kandida," dada alisema akiwa dirishani, "miguu yako umeiacha inje, sawa. Na hiyo sauti yako uiache inje vilevile. Inaingia mu biro bila ruhusa."

Watu waliokuwa wakingoja walicheka, na yaya naye akacheka, lakini mimi niliyekuwa karibu naye niliona jinsi kidole gumba chake kilivyokuwa kikisugua hewa, kama kinatafuta mpini.

Kisha ikatokea habari ya picha ukutani. Vijana wa kampeni yake, kwa bidii yao, walizibandika picha nilizompiga kila mahali, na moja wakaibandika kwenye ukuta wa biro yenyewe, karibu na mlango, kwa gundi ya unga wa muhogo iliyopikwa nzito. Asubuhi dada alituma mtu kumwita yaya. Nilikwenda naye.

Dada alikuwa amesimama upande wake wa ua, mikono kiunoni. "Sura yako iko ku ukuta ya Leta."

"Nimeiona," yaya alisema. Uso wake ulikuwa umeiva kwa aibu. "Sheria inakataza. Itoe."

"Miye niitoe? Nikishika sura ya kandida mumoja, kesho batasema nimechagua upande. Miye niko na kidole, sina mudomo. Weye mwenyewe ulinifundisha. Kuya utoe sura yako."

"Siwezi kuingia ku biro. Kandida akionekana mu biro ya Leta wakati ya kampeni..."

"Basi ikae."

"Haiwezi kukaa."

Wakatazamana juu ya mianzi, watu wawili waliojua sheria moja, na picha ikamtazama kila mmoja wao. Mkuu wa biro alichungulia, akaona mambo yalivyo, akarudi ndani. Mlinzi alipotazamwa alisema yeye pia anakula kwa Leta. Ndipo dada akanigeukia mimi.

"Na huyu?"

"Ni mudogo wangu," yaya alisema.

"Iko wa Leta?"

"Hapana."

"Iko kandida?"

"Hapana."

"Anaandikwa wapi? Iko mwenyeji wa wapi?"

"Iko wa hapa, mais anakaa ku njia."

"Njo yeye," dada alisema. "Haiko wa popote. Aingie."

Miaka yote nimeulizwa na jamaa zangu nitakaa lini, nitajenga lini. Siku ile ndiyo pekee ninayoikumbuka ambapo kutokuwa wa popote kulimfaa mtu. Niliingia, nikaanza kuibandua picha niliyoipiga mwenyewe. Gundi ya muhogo haina huruma ikishakauka kwenye mbao. Karatasi ilitoka vipande vipande, kidevu, shingo, koti lisilo na kalamu. Paji la uso na jicho moja vilikataa. Nilikwangua kwa kisu cha mlinzi hadi dada akaniambia niache, nisitoboe nyumba ya Serikali. Jicho likabaki. Wapita njia walisema yaya ameacha jicho lichunge kiti chake.

Baada ya hapo nilishuka Walikale tena, na habari kubwa ilinikuta Kibua. Kule watu walipiga kura. Nilipiga picha za vijana wakionyesha vidole vyenye wino, wakicheka. Kwetu Masisi ilitangazwa kwamba kwa sababu ya vita kura haitapigwa, itapigwa baadaye. Nilimpigia yaya, na alishika mara moja, kwa maana tangu awekwe kando hakuizima simu yake hata siku moja.

"Umeshindwa?" nilimwuliza kwa utani, nikijuta kabla neno halijaisha kutoka.

"Sikushindwa," alisema. "Sikushinda vilevile. Niko hapa."

Nilirudi nikamkuta amekonda. Kampeni ilikuwa imekwisha na hapakuwa na kilichoanza. Asubuhi alivaa koti, akakaa nje, akavua koti. Alikwenda kwa mkuu wa biro kuuliza kuhusu kurudi kazini, na kwa kuwa kampeni ilikuwa imefungwa aliruhusiwa kuingia, akakaa kwenye kiti cha wageni. Nilimsindikiza. Mkuu hakuwa mtu mbaya. Alisema anavyoelewa yeye, sheria inamjua aliyeshindwa na aliyeshinda.

"Uchaguzi haukufutwa," alisema. "Umesogezwa mbele. Kandida angali kandida. Hauwezi kukalia viti viwili."

"Shefu, hata kimoja sina."

"Toa kandidature yako kwa maandishi, kisha uombe kurudi. Hapo nitaweza kukusaidia."

Kujiondoa maana yake caution, ile dhamana ya ugombea aliyolipa, ipotee, na vijana wake wa kampeni wamwite mwoga. Walikuwa wakija kila siku kumwambia avumilie, kura itakuja tu, tayari jina lake liko midomoni. Yaya aliwasikiliza. Miezi ikapita hivyo. Sikuwa na desturi ya kukaa nyumbani miezi, lakini nilikaa, nikajisingizia kwamba njia imekatika. Mara nyingine ilikuwa imekatika kweli.

Aliyevunja kungoja kule alikuwa dada wa biro. Alikuja shambani tulipokuwa tunang'oa maharage, akakataa kigoda alichopewa.

"Papa, banataka kuniandika mu nafasi yako," alisema. "Si kwa kushikilia tena. Kabisa. Karatasi zinaenda Goma wiki hii."

Yaya aliweka chini mashina aliyokuwa nayo. "Weye unataka?"

"Nani haitaki? Niko na batoto." Alitazama pembeni. "Mais nilikalia kiti wakati unasema utarudi. Sipendi batu baseme nilikuibia. Kama unarudi, rudi sasa. Kama haurudi, uniambie, nisogeze meza nayo, maana ninaikaa vibaya."

"Kiti ya Leta haina mwenyewe," yaya alisema.

"Njo maana nimekuja kukuuliza," dada alijibu, akaondoka akipita kwa uangalifu katikati ya mistari ya maharage ambayo haijang'olewa.

Tuliendelea kufanya kazi. Baadaye yaya aliniuliza ningefanya nini. Nikamwambia mimi si mtu wa kuulizwa habari ya viti. Akakubali kwa kichwa.

"Weye unajua kutoka," alisema. "Mimi nilijaribu kutoka nikafika ku ua."

Nilimwambia watu wengi wa kwetu wangefurahi kusikia sauti yake bungeni. Sikumdanganya. Alisema anajua, na kwamba labda siku moja, akistaafu, mdomo wake ukiwa wake. Lakini kura hii haina tarehe, na watoto wanazaliwa kila siku. Tena, alisema, dada haandiki vibaya, ila anasahau kuuliza jina mara mbili.

Aliandika mwenyewe barua ya kujiondoa, kwa zile herufi zake, na nyingine ya kuomba kurudi. Vijana wa kampeni walikasirika. Mmoja alisema hadharani kwamba yaya ni jogoo aliyerudi ndani ya yai. Yaya alimwuliza kama mtoto wake ameshaandikwa. Hakuwa ameandikwa.

Ruhusa ilipofika nilimsindikiza kwa mara ya mwisho. Alisimama kwenye ua wa mianzi kidogo, kisha akavuka. Dada alimpa kashe na ufunguo bila hotuba, akachukua vitu vyake kurudi kwenye meza ya ushuru. Yaya hakukaa. Aliomba kisu kwa mlinzi, akatoka hadi mlangoni, akaanza kukwangua lile jicho.

"Sasa inaruhusiwa?" dada aliuliza.

"Sasa hakuna kandida hapa. Iko karatasi chafu tu ku ukuta ya Leta."

Lilikuwa halijatoka lote wakati yule mama wa bondeni alipotokea. Mtoto wake alikuwa ameshajifunza kutembea, anamvuta mkono. Kumbe siku ile ya kwanza, baada ya kurudishwa mlangoni, hakwenda biro kabisa. Alikuwa amengoja.

"Papa, leo uko disponible?"

"Hapana mama," yaya alisema, akapangusa kisu kwenye suruali. "Siko. Ingia."

Nilimsikia akimwuliza jina la mtoto, na mama akalitaja. Akauliza tena.

Kesho yake nilipata pikipiki ya kushuka Walikale. Kabla ya msitu kumeza mtandao nilimpigia yaya simu. Yule mama wa ndani ya simu aliniambia, kwa Kifaransa chake kile kile, kwamba mtu ninayemtafuta si disponible. Ilikuwa saa za kazi. Nikaweka simu mfukoni, nikamwambia dereva twende.